Caddo Lake kwa mtumbwi: hofu iwekwe panapostahili

Swali kutoka kwa msomaji: "Tunaishi Fort Worth, Texas, mimi, mume wangu na watoto wawili, mmoja ana miaka 8 na mwingine 14. Mama mkwe amekuja kututembelea kutoka Tanga, atakuwa nasi hadi Desemba. Ameona kwenye simu picha za Caddo Lake, miti mikubwa imesimama majini, akasema hawezi kurudi nyumbani bila kuiona. Mume wangu anataka tukodi mitumbwi tupige kasia wenyewe. Mimi sijui kuogelea, na nasikia kuna mamba. Je, tunaweza kwenda bila kuwahatarisha watoto? Twende lini, na tuanzie wapi?"

Mnaweza, dada, na kwa kuwa mama mkwe anaondoka Desemba, nakushauri muende katika wiki tatu za mwanzo za Novemba. Sababu nitakupa. Ila kwanza tuzungumzie hofu, maana umeielekeza yote kwa mamba, na ningependa uihamishie kwenye mambo yanayowaponza watu kweli katika maji yale: jaketi la kujiokolea lisilovaliwa, njia iliyopotea, na maji ya baridi.

Mamba wapo, sikufichi. Lakini mamba anayemjua mama mkwe ni wa Mto Pangani, yule wa Nile, anayemvizia mtu aliyekuja kuchota maji au kufua. Huyo anastahili hofu yote anayopewa. Wa Caddo ni alligator, ndugu wa mbali. Pua yake ni pana na butu, chakula chake ni samaki, kasa, ndege na wanyama wadogo, na akiona mtumbwi unamjia kwa kawaida huzama akaenda zake. Hata hivyo si mnyama wa kuchezea. Julai 2015, huko Orange, kusini mashariki mwa Texas, kijana mmoja aliruka majini usiku wa manane ilhali alionywa kuwa kuna mamba, akauawa. Taarifa za wakati ule zilisema Texas haikuwa na kifo cha namna hiyo kwenye kumbukumbu zake tangu 1836. Angalia mazingira yenyewe: ni usiku, ni kiangazi, na mtu yumo ndani ya maji. Nyinyi mtakuwa juu ya mtumbwi, mchana, katika msimu ambao baridi imeshaanza kumlegeza mnyama huyu, hali kidogo na hatembei sana. Mkimwona, kaeni mbali naye angalau mita 10, msimtupie hata kipande cha mkate (kumlisha ni kosa kisheria Texas), wala mtoto asining'inize mkono majini kumchokoza. Kuna uwezekano mkubwa msimwone hata mmoja, na yule wa miaka 8 arudi amenuna.

Sasa jaketi. Sheria ya Texas inataka kila aliyemo mtumbwini awe na jaketi linalomtosha, na mtoto aliye chini ya miaka 13 alivae muda wote chombo kikiwa mwendoni. Sheria inamruhusu mtu mzima aliweke tu karibu naye. Mimi sikuruhusu. Asiyejua kuogelea alivae na kulifunga kabla mguu wake haujagusa mtumbwi, na asilivue mpaka amerudi nchi kavu. Mnapokodi, usikubali kupewa jaketi la mtu mzima kwa mtoto wa miaka 8 eti "litamfaa tu". Mfunge, kisha mshike mabega ya jaketi umvute juu: likipanda hadi kufunika kidevu na masikio, ni kubwa, dai jingine. Kama hawana saizi yake, mtoto hapandi.

Utasikia watu wakisema maji ya pale ni ya kina kifupi, ukianguka unasimama. Ni kweli sehemu nyingi si za kina kirefu. Lakini chini kuna tope laini lililojaa mizizi na magogo yaliyozama. Mguu huingia ukakwama, na mtu aliyeshikwa mguu huku akihaha hunywa maji hata pale yanapomfika kifuani. Kwa hiyo mtumbwi ukipinduka msihangaike kusimama. Shikeni mtumbwi, maana hata ukiwa umejaa maji bado unaelea, na msukume nao hadi kwenye shina la mti lililo karibu. Novemba maji yale yana baridi ya kukata pumzi. Wekeni nguo kavu za kila mmoja ndani ya mfuko usiopitisha maji, nanyi mvae sweta za sufu au za fleece (kitambaa laini cha nyuzi za plastiki), si za pamba. Pamba ikishalowa haikauki, nayo humnyonya mtu joto.

Jambo la kupotea ndilo wageni wengi hawalifikirii kabisa. Caddo haifanani na ziwa kama Victoria au Naivasha, ambako unaiona ng'ambo au angalau upeo. Ukubwa wake ni kama hekta 10,000, nusu Texas na nusu Louisiana, na eneo kubwa la upande wa Texas ni msitu uliosimama majini, wenye vichochoro vinavyogawanyika na kugawanyika tena. Kila shina linafanana na jenzake, jua halionekani vizuri, na mkondo ni wa polepole mno usiweze kukuambia maji yanaelekea wapi. Ndiyo maana kwenye ziwa kubwa kuna njia za boti zilizowekewa nguzo zenye namba, na idara ya hifadhi za jimbo imeweka njia maalumu za makasia zenye alama zake. Ramani yake chapisheni kwenye karatasi; simu huko mara ina mtandao, mara haina. Na jifunzeni tabia moja inayosaidia kuliko kifaa chochote: kila mnapopinda, geukeni mtazame mlikotoka, kwa sababu kichochoro kikitazamwa kutoka upande wa pili huwa kingine kabisa.

Kwenu nyinyi, wapya wenye watoto, wala hakuna haja ya kuingia ziwa kubwa. Anzieni Saw Mill Pond, ndani ya Caddo Lake State Park, karibu na Karnack. Ni bwawa lililojikinga na upepo na mawimbi, mitumbwi ya kukodi hupatikana hapohapo hifadhini, na kila kitu mlichokiona kwenye picha kipo: mashina mapana chini na membamba juu, maji ya kahawia iliyokolea kwa tanini za majani, na juu ya kila tawi ile mimea ya kijivu inayoning'inia. Mwambie mama mkwe atakapoiona atakumbuka mashamba ya Tanga, maana inakaa kama katani iliyoanikwa. Mimea hiyo haiunyonyi mti. Ni jamaa ya mnanasi, nayo hupata maji na chakula chake kutoka kwenye mvua, ukungu na vumbi. Mti imeuazima tu mahali pa kukaa.

Bwawa hilo linaungana na Big Cypress Bayou, mto mpana wa polepole unaopitisha boti za injini. Mkishazoea kasia mnaweza kuchungulia huko na kurudi. Boti ikipita kasi, geuzeni omo ya mtumbwi ilikabili wimbi, msiliache liwapige ubavuni.

Kuhusu kupiga kasia kwenyewe, mengi mtayajifunza ndani ya nusu saa. Mzito au mwenye nguvu akae tezi, kwa kuwa usukani uko kwake. Wa mbele kazi yake ni mwendo na kuangalia magogo. Wa miaka 14 anaweza kukaa mbele na mumeo nyuma. Wewe na mdogo ni bora mchukue mtumbwi mmoja pamoja na mtu mwenye uzoefu, au nyote wanne mgawane mitumbwi miwili ambayo haiachani hata mara moja. Kuingia ndiyo hatua ya hatari kuliko zote: inama, shika kingo zote mbili, weka mguu katikati kabisa, kaa mara moja. Mkiona mnayumba, pigeni magoti kwenye sakafu ya mtumbwi, utatulia hapohapo. Na msishike matawi. Hilo nalisema kwa msisitizo, kwa sababu mtu mpya akikaribia mti silika yake ni kunyoosha mkono ajizuie. Tawi la chini hukaliwa na nyigu, na mara nyingine na nyoka. Wengi wa nyoka hao hawana sumu, ila yuko mmoja mnene, cottonmouth, mwenye sumu kali, na hakuna sababu ya kumtafuta kwa vidole. Sukumeni shina kwa kasia.

Novemba nimeitaja kwa sababu ya mti wenyewe. Misaiprasi inayopandwa Kenya na kaskazini mwa Tanzania kwa ajili ya mbao na uzio ni ya ukoo mmoja na huu, lakini ile ni ya nchi kavu na ni ya kijani mwaka mzima. Huu wa Caddo, Taxodium distichum, ni katika miti michache ya ukoo wake inayopukutisha majani. Kuanzia mwisho wa Oktoba vijani vyake vyembamba hugeuka rangi ya kutu, kisha nyekundu ya matofali, halafu vinadondoka na kuelea. Wiki hizo ziwa linatazamika kuliko wakati wowote mwingine. Mbu wamepungua, na magugu ya kiangazi yameanza kurudi nyuma. Kiangazi chenyewe ni kizuri kwa mayungiyungi ya njano, lakini majani hufunga vichochoro hadi kasia halipiti, na joto la unyevu litamtesa mama. Nendeni siku ya kazi kama shule inaruhusu. Wikiendi za Novemba wapiga picha wamejaa. Tena weka nafasi mapema kwenye mtandao wa hifadhi za jimbo, kwa kuwa siku ikijaa mlango unafungwa. Watoto wa miaka 12 kushuka chini hawalipi kiingilio.

Mkiwa bwawani, simamisheni makasia karibu na mti mmoja mkubwa, mwonyeshe mama mkwe vichomozo vya mizizi vinavyozunguka shina, vigumu, vya mviringo juu, vingine kimo cha mtoto. Mtu wa pwani atasema mara moja: hii ni mikoko. Kwenye mikoko kama mchu na mlilana, mizizi inayochomoza matopeni inapumulia mti, hilo linajulikana. Kwa huu wa Caddo, wataalamu wamejadili zaidi ya karne moja: wapo wanaosema inapumua, wapo wanaosema inaushikilia mti usiangushwe na dhoruba, na hadi leo hakuna maelezo yaliyokubaliwa na wote. Mweleze hivyohivyo kijana wako wa miaka 14.

Kwa mama mkwe sishauri mtumbwi siku ya kwanza. Pembeni mwa ziwa kuna kijiji kiitwacho Uncertain, na waongozaji wake huwatembeza watu kwa boti bapa zenye viti, mwavuli na sakafu ambayo haiyumbi. Chukueni hiyo wote pamoja mchana wa siku ya kwanza. Mama atakaa vizuri, na nyinyi mtayajua maji kabla ya kuyaingia wenyewe. Mwongozaji aliyezaliwa pale atawaonyesha bundi aliyelala kwenye tundu ambalo nyinyi mngelipita mara kumi. Laleni hifadhini, kuna nyumba ndogo zilizojengwa miaka ya 1930 na vijana wa Civilian Conservation Corps, mpango wa serikali wa kuwapa kazi wasio na ajira wakati uchumi umeanguka. Zinagombaniwa, ila siku za kazi hupatikana. Mwendo kutoka Fort Worth ni kama kilomita 300, barabara ya I-20 hadi Marshall kisha mnakata kaskazini. Asubuhi ya pili, upepo ukiwa haujaamka, ndipo mpige kasia.

Na mama akichoka na maji, jirani kabisa kuna Caddo Lake National Wildlife Refuge, ambako anaweza kutazama msitu kutoka kwenye gari. Ardhi ile ilikuwa kiwanda cha silaha cha jeshi, Longhorn, na ndiko baadhi ya injini za makombora ya Pershing zilikoteketezwa kufuatia mkataba wa 1987 kati ya Marekani na Umoja wa Kisovieti. Tangu 2000 imekuwa makazi ya ndege na wanyama.

Hayo ndiyo uliyouliza. Yafuatayo hukuuliza, lakini siwezi kumpeleka mtu Caddo bila kumwambia, kwa sababu mtakachokiona hakina uhakika wa kudumu.

Ziwa lile lilikuwepo kwa sababu ya magogo. Mto Red ulikuwa umeziba kwa kizuizi cha miti iliyong'oka na kusongamana, kirefu zaidi ya kilomita 150, nacho kiliyarudisha maji nyuma hadi mabonde ya Waccado, wenyeji wa nchi ile, ambao mwaka 1835 walitia sahihi mkataba uliowanyang'anya ardhi. Taifa lao leo makao yake ni Oklahoma. Kina cha maji hayo ndicho kilichofanya meli za mvuke zifike hadi mji wa Jefferson kuchukua pamba. Mwaka 1869 mojawapo, Mittie Stephens, iliungua ziwani usiku, wakafa watu wapatao 60 si mbali na ukingo. Wahandisi wa jeshi walipomaliza kuondoa magogo mwaka 1873, maji yakashuka na Jefferson ikasinyaa. Mwaka 1914 likajengwa bwawa la kuyazuia, na hilo lililopo sasa ni la 1971.

Hapo ndipo tatizo. Msaiprasi mzima unaweza kusimama majini maisha yake yote. Mbegu yake haioti chini ya maji. Inahitaji tope lililo wazi, maji yakiwa yamepungua kwa muda, ili mche upate kimo kabla mafuriko hayajarudi. Mche uliozama wote kwa wiki nyingi hufa. Zamani ukame na mafuriko vilipishana, na kila baada ya miaka fulani kizazi kipya kilipata nafasi. Sasa bwawa linashikilia maji kwenye kimo kilekile karibu mwaka mzima, na lile la juu ya mto, la Lake O' the Pines, linayazuia mafuriko. Tazameni vizuri mkipita: miti mikongwe mtaiona kila upande, michanga mtaitafuta. Mti wa aina hii una subira kubwa. Utafiti wa 2019 ulipata mmoja kwenye Black River, North Carolina, wenye umri usiopungua miaka 2,624. Lakini ukongwe si uzazi. Ndiyo maana inatia moyo kwamba wanasayansi, wahandisi wa jeshi na wenyeji wameanza kukubaliana namna ya kufungulia maji kwa vipindi vinavyoiga mto wa zamani, na kwamba mwaka 2014 walirudisha majini samaki aitwaye paddlefish, mwenye pua ndefu bapa, aliyekuwa ametoweka pale kwa sababu anahitaji mto unaojaa majira ya kuchipua ili azae.

Adui wa pili ni jamaa tunayemjua. Mwaka 2006 iligunduliwa Caddo salvinia kubwa, Salvinia molesta, gugu la majini asili yake Brazili. Kenya ililiona Naivasha tangu miaka ya 1960, na anayekumbuka magugu maji ya Ziwa Victoria anajua picha yenyewe: zulia la kijani, chini yake giza, samaki wanakosa hewa. Hali ya joto ikiruhusu, salvinia huongezeka maradufu ndani ya wiki moja hivi. Naivasha ilisaidiwa na fukusi mdogo anayekula gugu hilo tu, na Caddo wanamtumia fukusi yuleyule. Tofauti ni kwamba baridi ya Texas huwaua fukusi, kwa hiyo wenyeji wamejenga banda lenye joto la kuwafugia, na kila msimu wanawaachia upya.

Kwa hiyo, kama mnakwenda na mtumbwi wenu wenyewe, kabla ya kuondoka ukagueni chini, kwenye kamba na kwenye trela. Kipande cha ukubwa wa ukucha kinatosha kuambukiza ziwa jingine. Mwageni maji yote, uosheni, uacheni ukauke kabisa. Kusafirisha gugu hilo, hata bila kujua, kunaweza kuwatoza faini. Watoto wakaguliwe viatu.

Na mumeo, ambaye najua atabeba ndoano: akivua kutoka ukingoni ndani ya hifadhi ya jimbo hahitaji leseni, ila akitoka na mtumbwi ziwani anahitaji. Samaki wa Caddo wamekutwa na zebaki, na idara ya afya ya Texas imekuwa na tahadhari kuhusu ulaji wao, hasa largemouth bass, tangu miaka ya 1990. Someni tangazo la sasa kabla ya kukaanga chochote, na wa miaka 8 mpeni samaki wa dukani.